Nguo Kuukuu Yaweza Kusimama

Ndugu msomaji, fungua kabati au sanduku katika nyumba yoyote ya mjini, nawe hutakosa kukuta furushi la nguo zilizokwisha kumaliza kazi. Mna kanga iliyopauka hata jina lake halisomeki, shuka lililochanika katikati, taulo lililokuwa jekundu zamani, na shati la kazini ambalo kola yake imeliwa na jasho. Safari ya nguo hizo inajulikana kwa kila mama wa nyumbani. Kutoka mwilini huwa winda la mtoto, kutoka winda huwa kitambaa cha kushikia sufuria, kisha dekio, na mwisho wake ni jalalani. Hapana ubaya katika safari hiyo, kwani ndiyo iliyozifundisha familia nyingi kutotupa mali ovyo. Lakini kabla ya kituo cha mwisho kipo kituo kimoja ambacho wengi wetu hukipita bila kukiona, nacho ndicho tutakachokizungumzia leo: kuikaza nguo hata ikawa ngumu, ikasimama yenyewe, ikawa sanamu.

Pengine utasema kwamba sanamu ni kazi ya mafundi wa mpingo, wenye patasi na miaka mingi ya kujifunza. La hasha. Yeyote aliyewahi kuitia dondo kola ya shati la shule na kuipiga pasi amekwisha kuianza kazi hii bila kujua. Hata mtoto anayegundisha tiara yake kwa uji ameianza. Tofauti iko katika kiasi cha dondo, na katika jambo moja kubwa zaidi ambalo nakuomba ulishike tangu sasa. Swali la kwanza la kazi hii si “nitengeneze nini?” Swali la kwanza ni “je, ipo siku nitataka nguo hii inirudie?” Tutaona baadaye kwa nini.

KAZI YA KALE

Binadamu ameijua siri hii kwa muda mrefu. Wamisri wa kale walipanga matabaka ya kitani, wakayapaka jasi, wakapata kitu chepesi na kigumu ambacho walikitengenezea vinyago vya kufunika nyuso za wafu wao. Vinyago hivyo vingali vinaonekana katika majumba ya makumbusho, na ukivitazama palipovunjika utaona nyuzi za kitambaa.

Huko Nara, nchini Japani, katika hekalu la Kofuku-ji, ipo sanamu ya Ashura yenye nyuso tatu na mikono sita. Ilitengenezwa mwaka 734. Mafundi walifinyanga umbo kwa udongo juu ya kiunzi cha miti, wakalizungushia kitambaa cha nyuzi za mmea wa jamii moja na bangi, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likigandishwa kwa utomvu wa mti unaotoa vanishi. Kilipokauka walikipasua kitambaa, wakautoa udongo wote, wakaweka miti ndani ili kisibonyee, kisha wakakifunga tena na kukipamba. Kwa hiyo sanamu ile ni nguo tupu iliyo wazi ndani. Urefu wake ni sentimita 153, karibu kimo cha kijana, lakini uzito wake ni kilo 15 hivi tu. Hekalu hilo liliungua mara kadhaa katika historia yake, na wepesi huo hutajwa kuwa sababu moja iliyowawezesha watu kuzitoa sanamu za namna hiyo motoni. Sanamu ya shaba ya kimo hicho isingebebwa na mtu mmoja mbio.

Tena, ndugu msomaji, huenda wewe mwenyewe umewahi kuivaa sanamu ya namna hii. Mwaka 1851 daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alianza kupaka bendeji unga wa plasta, akailowesha maji na kuufunga mguu uliovunjika. Bendeji gumu linalofungwa hospitalini hadi leo ni kitambaa kilichokazwa: kitambaa hushika umbo la mguu, plasta hulizuia umbo hilo lisibadilike. Kitambaa peke yake hulegea, na plasta peke yake hupasuka. Vikikaa pamoja, kila kimoja huuficha udhaifu wa mwenziwe.

MAGUNIA YA WARSAW

Mtu wa zama zetu aliyeipeleka kazi hii mbali sana ni mama mmoja wa Poland, Magdalena Abakanowicz, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2017. Alikuwa bado mtoto vita vya pili vya dunia vilipoikumba nchi yake, na alisoma sanaa mjini Warsaw wakati ambapo vifaa vilikuwa haba. Katika miaka ya 1960 alifuma vitambaa vikubwa mno vya kuning'inia, vikubwa kuliko mtu, na nyuzi alizozitumia sana zilikuwa za mkonge. Alikwenda kuokota kamba kuukuu za bandarini, akazifumua, akazipaka rangi, akazifuma upya. Sisi wa nchi hii twaweza kutabasamu kidogo hapo, maana katika miaka hiyo hiyo hapakuwa na nchi duniani iliyotoa mkonge mwingi kuliko Tanzania. Kitu tulichokiona ni cha kufungia mizigo, yeye alikiona ni cha kusimamishwa ukumbini. Mwaka 1965 kazi zake zilipata tuzo kuu katika maonyesho ya kimataifa ya São Paulo, nchini Brazili.

Baadaye aliacha kufuma, akachukua magunia. Kati ya mwaka 1976 na 1980 alitengeneza migongo 80 ya watu walioketi na kuinama. Kila mgongo ni gunia lililoloweshwa gundi ngumu na kukandamizwa katika kalibu iliyochukuliwa kutoka mwili wa mtu hai. Hawana vichwa, hawana miguu kamili, na mbele yao ni wazi kama ganda. Watu walimwuliza kama ni wafungwa wa kambi za mateso za wakati wa vita, au ni watu wa ibada ya kale ya Peru. Yeye hakukataa hata moja, kwa kuwa alitaka kusema juu ya hali ya binadamu popote alipo. Mtu yeyote aliyewahi kuwaona wachukuzi wa bandarini au sokoni wakipumzika mwisho wa siku, naye angeweza kuongeza jibu lake.

Nimemtaja mama huyo kwa sababu moja. Hakutumia dhahabu wala marumaru. Alitumia gunia, kitu kinachopatikana katika kila duka la nafaka, akakikaza.

DAWA ZA KUKAZIA

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe. Kwa matumizi ya nyumbani nitazitaja nne, nami nitazipanga kwa swali lile la kwanza: je, nguo hurudi?

Ya kwanza ni dondo. Wanga wa muhogo ni bora, na hupatikana kwa kumenya muhogo, kuukuna, kuuvuruga katika maji, kuuchuja kwa kitambaa na kuyaacha maji yatulie kwa saa kadhaa. Wanga hushuka chini ukawa mweupe kama chokaa. Maji ya juu yamwagwe mbali na watoto na mifugo, maana muhogo mchungu una sumu. Chukua vijiko vikubwa vinne vya wanga, uvuruge katika maji baridi kidogo, halafu umimine maji yanayochemka yapatayo vikombe viwili huku ukikoroga upesi, hata weupe ugeuke kama kioo chenye ukungu. Mageuko hayo yana sababu. Chembe za wanga zikipata joto la nyuzi 65 hivi hufura na kupasuka, zikatoa nyuzi ndogo mno ambazo hushikamana na nyuzi za pamba. Maji yakikauka, mshikamano huwa mgumu. Lakini maji yakirudi, mshikamano hufunguka. Kwa hiyo nguo ya dondo hurudi: iloweke katika maji ya uvuguvugu, isugue kwa sabuni, nayo itakuwa nguo tena. Ubaya wake ni huo huo. Masika yakija, hasa mijini ya pwani, sanamu ya dondo hulegea na kuota ukungu, na mende na panya huiona kuwa chakula.

Ya pili ni gundi nyeupe ya maseremala. Gundi hiyo ni chembe ndogo za namna ya plastiki zinazoelea katika maji. Maji yakiondoka, chembe hukaribiana na kuungana zikawa utando mmoja. Changanya sehemu mbili za gundi na sehemu moja ya maji. Sanamu yake hudumu miaka ndani ya nyumba, wala haimvutii mende. Ikipata unyevu italainika kidogo, lakini nguo hairudi kamwe.

Ya tatu ni dawa za dukani zilizotengenezwa mahsusi kwa kazi hii, kama vile Powertex ya Ubelgiji na Paverpol ya Uholanzi. Nazo pia ni za maji, hazina harufu kali, na sanamu iliyokaushwa barabara kwa wiki mbili tatu huweza kuwekwa nje. Ni nzuri, ila hutoka mbali na gharama yake si ya kujifunzia. Anayeanza asione haya kuanza na muhogo. Mikono hujifunza kwa dondo sawasawa na inavyojifunza kwa dawa ya ng'ambo, na kosa la dondo hufuliwa.

Ya nne ni saruji, ambayo nitaieleza mahali pake. Nguo iliyoingia katika saruji imekwisha kuwa jiwe.

MAMA WA KANGA

Kwa kuanzia, tutengeneze mama aliyesimama, mwenye urefu wa sentimita 30. Tafuta kipande cha ubao kuwa msingi, waya laini ambao wajenzi hufungia nondo, magazeti ya zamani, uzi, na vitambaa vya pamba.

Angalia sana aina ya kitambaa. Pamba na gunia hunywa maji, hivyo hunywa na dawa. Nailoni na tetroni hayanywi, dawa hubaki juu juu na mikunjo hufunguka. Kanga mpya nayo hukataa, kwa sababu imetoka kiwandani ikiwa na dondo lake, kwa hiyo ifuliwe kwanza. Kanga iliyofuliwa miaka kumi ndiyo bora kuliko zote. Uchakavu wake, ulioifanya isifae tena kuvaliwa, ndio unaoifanya iwe laini na kutii vidole.

Pinda waya mara mbili, juu uache kitanzi cha kichwa, chini utandaze ncha mbili na kuzipigilia misumari katika ubao. Waya wa pili uwe mikono. Kichwa kisizidi sentimita nne hivi, maana kichwa cha mtu mzima huingia mara saba au zaidi kidogo katika urefu wake. Finyanga magazeti uujazie mwili, uyafunge kwa uzi, hasa kiunoni na mabegani. Hapo mwambie mwenzako akutazamie: je, anasimama kama mtu aliyechoka, au kama mtu anayengoja basi, au kama mtu anayemwita mtoto? Kama kiunzi hakisemi kitu, nguo haitakisemea. Mwinamishe kidogo, mpe uzito mguu mmoja, ndipo uendelee.

Lowesha vipande vyembamba vya shuka katika dawa, uvikamue kwa vidole viwili, uvizungushe mwili mzima kama bendeji. Acha vikauke. Siku ya pili chukua kipande cha kanga cha sentimita 25 kwa 40. Usikate katikati ya mji, kwa kuwa maua ya hapo ni makubwa na yatammeza mama yako mdogo. Kata kwenye pindo, penye nakshi ndogo. Lowesha, kamua, kisha mvishe kama unavyojifunga mwenyewe: anzia chini ya kwapa, zungusha, kunja ncha ndani kifuani. Kipande cha pili kiwe mtandio begani, na kidogo kiwe kilemba.

Sasa ndipo kazi yenyewe. Unayo robo saa hivi ya kupanga mikunjo kabla dawa haijaanza kushika. Kitambaa kilicholowa huanguka kwa uzito wake, kikionyesha kiuno, goti na kiwiko. Usikipige kikalala, ila kiinue kidogo tu. Mahali unapotaka kijae upepo, jaza mpira wa mfuko wa nailoni, utautoa kikikauka. Mahali kinapoteleza, kibane kwa vibanio vya nguo. Acha kivulini siku nzima, maana jua kali hukausha juu na kuacha ndani mbichi. Siku ya tatu ndipo ukitoe juani. Sanamu ya ndani ya nyumba yapasa kupakwa vanishi mara mbili.

CHUNGU CHA TAULO

Wanaoishi katika nyumba za ghorofa wana baraza ndogo na hamu kubwa ya maua. Kwao taulo kuukuu ni mali. Geuza ndoo kichwa chini, uifunike kwa nailoni. Vaa glavu, kwa sababu saruji iliyolowa hula ngozi, na watoto wasisogee. Koroga saruji na maji hata iwe kama uji mzito, utumbukize taulo, ulibonyeze hata linywe kila mahali, kisha ulitandaze juu ya ndoo na kuzipanga pembe zianguke kwa mikunjo. Ongeza saruji kwa brashi. Toboa tundu la kutokea maji.

Hapa watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba saruji hukauka kama nguo. Saruji haikauki, bali huyanywa maji na kugeuka jiwe, na ikinyimwa maji mapema huwa dhaifu. Kwa hiyo ifunike kwa nailoni, kesho yake uitoe ndoo, kisha uinyunyizie maji kwa siku saba. Baadaye uloweke chungu siku chache zaidi na kubadilisha maji ili ukali wake upungue, ndipo upande ua. Maji ya kuoshea brashi na mikono usiyamwage katika sinki. Yatageuka jiwe ndani ya bomba, na jirani wa ghorofa ya chini hatakuuliza habari za sanaa.

KANGA YA MAREHEMU

Nimekuahidi kulirudia swali la kwanza. Nalirudia kwa sababu kazi hii, ikishapendwa nyumbani, haikawii kufika mahali pazito.

Chukua mfano wa mama aliyefariki na kuacha kanga zake. Mabinti wamegawana zile nzuri. Imebaki doti moja kuukuu, aliyojifunga jikoni kila siku, ambayo hakuna anayeweza kuivaa na hakuna anayethubutu kuifanya dekio. Binti mmoja aliyejifunza kukaza nguo husema: nitamsimamisha mama sebuleni. Ni wazo jema, wala simzuii. Nguo huchukua umbo la mwili iliouvisha, na mtu akiiona kanga ile imefungwa namna ile ile, ncha imekunjwa upande ule ule, hahitaji uso kuchongwa ili amtambue mwenyewe.

Lakini gundi haitubu. Kanga ikishakazwa, harufu yake imekwisha, ulaini wake umekwisha, na mdogo mtu aliyekuwa akiilalia usiku bila kumwambia mtu hataipata tena. Ugomvi wa namna hiyo hauzungumzwi barazani, lakini hukaa ndani ya nyumba miaka mingi. Kwa hiyo ndugu wote waulizwe kabla ya kopo kufunguliwa, hata yule mdogo, hata aliye mbali. Kisha jambo lijaribiwe kwa dondo kwanza. Sanamu isimame mwezi mmoja, watu waizoee au waikatae. Wakiikataa, maji ya uvuguvugu yataimaliza kesi hiyo. Wakiikubali, ikazwe kwa gundi.

Tena doti ni vipande viwili. Sioni sababu ya kuvikaza vyote. Kimoja kisimame sebuleni, na cha pili kifuliwe kwa mkono, kianikwe kivulini na kukunjwa kabatini kikiwa laini, kwa ajili ya yeyote atakayehitaji kujifunika.

Kwa Jumapili hii, basi, usianze na kanga hiyo. Anza na lile shati la kazini lenye kola iliyoliwa, vijiko vinne vya wanga, na nusu mita ya waya. Waite watoto, mpe kila mmoja kipande chake, na uwaache wabishane wenyewe kama mtu wao amesimama au anakwenda.